Nduna Songea Mbano: Mtu Aliyetuachia Jina



Katika kijitabu hiki cha mwaka tumezoea kuzungumzia visima, madarasa na zahanati. Safari hii tumetenga kurasa chache kwa ajili ya mtu mmoja. Jina lake tunalitaja kila siku. Limeandikwa mbele ya mabasi yanayotuleta nyumbani, kwenye vyeti vyetu vya shule na kwenye kadi za hospitali. Ukimwambia mgeni wa Dar es Salaam au Mwanza kwamba unatoka Songea, umekwisha kumtaja Nduna Songea Mbano. Hata hivyo, wengi wetu tukiulizwa na watoto wetu alikuwa nani, tunajibu kwa sentensi mbili: alikuwa shujaa, Wajerumani wakamnyonga.

Maisha yake yana mengi zaidi ya hayo. Mahali yanaposimuliwa kwa kirefu ni Mahenge, katika Makumbusho ya Majimaji, hasa mwezi Februari, wazee wanapozungumza na ngoma zinapochezwa karibu na makaburi. Tunaandika habari zake ili kila mwananyumbani ajue mchango wa mwaka huu unakwenda wapi na kwa nini.

Ukoo wa Mbano na safari ndefu

Wangoni hawakuanzia Ruvuma. Chimbuko lao ni kusini mwa Afrika, katika vita vya zama za Shaka Zulu. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilihama kwenda kaskazini na likavuka mto Zambezi mwezi Novemba mwaka 1835. Kila walipopita, watu wengine waliingia katika msafara: wengine kwa kushindwa vitani, wengine kwa ndoa, wengine kwa kutafuta ulinzi. Ndivyo ukoo wa Mbano ulivyoingia. Asili yake ni Wakaranga, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kwa hiyo Songea hakutoka katika ukoo wa kifalme. Alitoka katika ukoo uliopokewa njiani, na cheo chake alikipata kwa kazi.

Zwangendaba alifariki Ufipa katika miaka ya 1840, na watu wake wakagawanyika. Baadhi wakielekea mashariki chini ya Zulu Gama na Mbonani Tawete hadi wakafika katika nchi tunayoiita Ungoni. Huko waliwakuta Wangoni wengine, wa Maseko. Walipigana nao, na hatimaye Wamaseko wakavuka Ruvuma kurudi kusini. Wajukuu wao wako Malawi hadi leo. Waliobaki waliunda nchi mbili: Mshope upande wa kaskazini chini ya ukoo wa Tawete, na Njelu upande wa kusini chini ya ukoo wa Gama. Songea Mbano alikuwa mtu wa Njelu.

Nduna wa Njelu

Katika utawala wa Kingoni, mfalme ni Nkosi. Chini yake wako manduna. Nduna si mshauri wa kukaa barazani tu. Ana vijiji vyake, watu wake na vikosi vyake. Anasikiliza kesi, anagawa ng'ombe na ardhi, na vita vikitokea yeye ndiye anayetangulia mbele. Nkosi mwenye manduna imara anakuwa na nchi imara. Nduna akizidi nguvu, hata Nkosi humsikiliza kwa makini.

Songea alikuwa nduna wa aina hiyo. Alijenga jina wakati wa Nkosi Mharule, ambaye kijiji cha Mbingamharule kinabeba jina lake, na aliendelea kuwa mkubwa chini ya waliomfuata. Nkosi Mputa Gama alipotawala mwishoni mwa karne ya 19, Songea alikuwa tayari mzee wa vita, na umaarufu wake ulivuka mipaka ya Njelu. Wenyeji wanasimulia kwamba makazi yake yalikuwa karibu na mlima Chandamali, na wageni huonyeshwa pango ambalo inasemekana alilitumia nyakati za hatari.

Hapa inatupasa kuwa wakweli, kwa sababu Songea ya leo ni ya wote: Wangoni, Wandendeule, Wamatengo, Wayao, Wanindi, Wabena na wengine wengi. Nguvu za manduna wa Njelu zilitokana na vita dhidi ya majirani. Vijana walitekwa, mifugo ikachukuliwa, na watu wengine wakauzwa kwa misafara iliyokwenda pwani. Mwaka 1882 vikosi vya Wangoni, ambao watu wa mashariki waliwaita Magwangwara, vilifika hadi Masasi na kuivamia misheni ya Waanglikana. Babu zetu wengi walioingia Ungoni kama mateka ndio waliokuja kuitwa Wangoni, na ndio waliopigana upande mmoja na waliowateka wakati hatari kubwa zaidi ilipokuja. Kumheshimu Songea hakutudai kuificha sehemu hii. Wazee wanaozungumza Mahenge huieleza, na vijana wa koo zote huondoka wakijua kwamba hadithi hiyo inawahusu pia.

Boma la Wajerumani, 1897

Mwaka 1897 Luteni Engelhardt alifika Ungoni na askari wake. Viongozi wa Kingoni waliitwa kwenye mkutano, na mkutano huo ukaisha kwa bunduki. Waliosalimika walielewa kwamba mambo yamebadilika. Wajerumani walijenga boma karibu na makazi ya nduna mashuhuri kuliko wote, na kituo chao wakakiita kwa jina lake. Ndivyo mji wetu ulivyoanza kuitwa Songea, mwenye jina akiwa hai na akiuona.

Hebu tufikirie hali ya mzee yule. Jina lake sasa lilikuwa jina la ofisi inayodai kodi ya kibanda. Vita, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chanzo cha mali na heshima ya nduna, vilipigwa marufuku. Mateka waliomlimia waliambiwa wako huru kuondoka. Kesi zilizoamuliwa barazani kwake zilihamia bomani. Mwaka 1898 wamisionari Wabenediktini walianza kazi Peramiho, na shule na dawa zao zikawavuta vijana. Kwa miaka minane Songea na wenzake waliishi hivyo, wakiitwa viongozi huku uongozi wenyewe ukiwatoka mikononi kidogo kidogo.

Maji yafika Ungoni

Vita vya Majimaji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi. Wamatumbi walikuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa na imani kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Yeye alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini maji yalikwishasambaa. Yalibebwa na wajumbe kutoka kabila hadi kabila, na watu ambao jana walikuwa maadui wakajikuta wanakunywa dawa moja.

Ungoni maji yaliletwa mwishoni mwa Agosti na mjumbe aitwaye Omari Kinjala, akaanzia Mshope kwa Nkosi Chabruma. Njelu nao wakayapokea. Mwanamke mmoja ana nafasi ya pekee katika masimulizi haya: Nduna Mkomanile wa Kitanda, katika wilaya ya Namtumbo ya sasa. Anakumbukwa kwa kuwahimiza viongozi wa Ungoni kuingia vitani, na katika orodha ya walionyongwa jina lake ndilo jina la mwanamke.

Nduna Songea aliingia vitani pamoja na Nkosi Mputa na manduna wenzake. Mwezi Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Mwezi Oktoba maelfu ya wapiganaji wa Kingoni walikusanyika Namabengo wakijiandaa kulishambulia boma la Songea. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1905, Kapteni Nigmann aliivamia kambi hiyo kwa bunduki na bombomu. Maji hayakuzuia risasi. Waliobaki hai walitawanyika, na kuanzia siku hiyo vita vikawa vya kuviziana porini.

Wajerumani walijibu kwa silaha nyingine iliyoua watu wengi kuliko bunduki, nayo ni njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yakamwagwa, mashamba yakaharibiwa na watu wakazuiwa kulima. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja watu 75,000 waliokufa katika eneo lote la vita; wanahistoria wa Tanzania wanakadiria kwamba walifika 250,000 hadi 300,000. Hapa kwetu vijiji vizima vilibaki mapori. Chabruma alikimbilia Msumbiji na akauawa huko. Mputa alikamatwa Januari 1906. Mmoja baada ya mwingine, manduna wa Njelu wakaletwa bomani wakiwa na minyororo shingoni. Songea Mbano alikuwa miongoni mwao.

Februari 1906

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea kwa siku moja. Nkosi Mputa Gama alikuwamo, na Mkomanile pia. Baadhi walibatizwa na mapadri kabla ya kufa. Miili ilitupwa katika shimo moja. Hilo ndilo kaburi la pamoja tunaloliona leo Mahenge, la mashujaa 66.

Songea Mbano hayumo katika kaburi hilo. Masimulizi ya ukoo na ya Makumbusho yanaeleza kwamba Wajerumani hawakutaka kumnyonga pamoja na wengine. Walijua uzito wa jina lake, na walitaka awasaidie kuituliza nchi. Akakataa. Aliomba afe kama wenzake walivyokufa, kwa kuwa hakuona maana ya kubaki hai huku watu wake wote wakiwa shimoni. Siku chache baadaye naye akanyongwa, akazikwa peke yake, kando kidogo ya kaburi la pamoja. Yeye ni wa 67.

Masimulizi hayo hayo yanaendelea kusema kwamba kabla ya kuzikwa, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Ndiyo maana kila anayesimama kwenye kaburi lile huambiwa kwamba nduna amelala pale bila kichwa chake.

Kichwa kinachodaiwa

Jambo hili halikuishia mwaka 1906. Wajerumani wa zama hizo walipeleka mafuvu mengi ya Waafrika katika majumba ya makumbusho na vyuo vyao. Wahehe walilidai fuvu la Mtwa Mkwawa, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Leo limehifadhiwa Kalenga, Iringa. Wachagga wa Old Moshi bado wanadai kichwa cha Mangi Meli. Mwezi Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na familia zilizo hai za Kilimanjaro. Habari hiyo ilisikika hadi Songea na ikaamsha matumaini.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge. Alitembelea Makumbusho, akaweka shada la maua, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliwatendea watu wetu. Aliahidi kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta kichwa cha nduna, ingawa hakuahidi kwamba kitapatikana. Karibu miaka 118 ilikuwa imepita tangu kile kitanzi.

Ukoo wa Mbano uliweza kusimama mbele ya rais yule na kueleza madai yao kwa sababu mababu walisimulia, wazazi wakasikiliza, na watoto wakarudia. Hapakuwa na hati mkononi mwao, bali simulizi iliyotunzwa. Kama kizazi kimoja katikati kingenyamaza, leo pasingekuwa na mtu wa kudai.

Mahenge, mahali pa kusikiliza

Kumbukumbu ya Majimaji ilifunguliwa rasmi mwaka 1980, na baadaye ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ndani kuna ngao, mikuki na marungu ya vita. Kuna picha za wafungwa waliofungwa minyororo, na sanamu za viongozi zilizochongwa ili watoto waone sura za watu ambao hapakuwa na picha zao nzuri. Nje kuna makaburi.

Lakini wananyumbani wanajua kwamba vitu peke yake havisemi. Mahenge huwa hai hasa mwishoni mwa Februari. Siku hizo huwa na makongamano na midahalo. Wazee wa koo husimulia, wanahistoria hueleza, walimu huleta wanafunzi, na viongozi wa dini zote huombea marehemu. Tarehe 27 silaha za jadi na mashada ya maua huwekwa kwenye mnara. Kisha ngoma huanza: lizombe, ligihu, mganda na kioda. Lizombe ikipigwa, hata mzee aliyekuja na fimbo hutafuta nafasi. Timu yetu ya Majimaji haikuitwa Wanalizombe bure.

Katika mazungumzo hayo, Songea Mbano huacha kuwa jina la mji na kuwa mtu. Mtoto wa Bombambili anasikia kwamba nduna huyo alikuwa wa ukoo uliopokewa njiani. Msichana wa Lizaboni anasikia habari za Mkomanile. Kijana wa Mfaranyaki anatambua kwamba kata yake ina jina la nduna mwenzake Songea. Mjukuu wa Wandendeule anasikia vita vya Wangoni dhidi ya mababu zake vikitajwa hadharani bila kufichwa, na wazee wa pande zote mbili wakiwa wamekaa benchi moja.

Tunachochangia mwaka huu

Maneno yanayosemwa pale hupotea jioni ile ile maturubai yanapokunjwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakawahoji wazee waliovikumbuka vita, wakaandika majibu yao. Mengi tunayoyajua leo kuhusu Majimaji yametokana na kazi ile. Wazee wale wote wamekwisha kufariki. Waliopo sasa ni watoto na wajukuu wao, waliosikia kutoka vinywani mwao, nao pia umri umekwenda. Kila Februari tunaona viti vilivyobaki wazi.

Kwa hiyo chama chetu kinaomba mchango wenu kwa mambo matatu.

La kwanza ni kurekodi. Tunahitaji vinasa sauti, kamera na mtu wa kukaa na wazee kwa utulivu, Mahenge wakati wa mazungumzo ya Februari na vijijini kwao wakati mwingine wa mwaka: Mbingamharule, Namabengo, Kitanda na kwingineko. Wanaosimulia kwa Kingoni au Kindendeule wasimulie kwa lugha hiyo, tafsiri itafuata. Tunakusudia nakala zikabidhiwe Makumbusho na maktaba za shule zetu, na ukoo wa kila msimulizi upate nakala yake.

La pili ni nauli. Wazee wengi wenye habari nzuri hawafiki Mahenge kwa sababu ya nauli tu. Vivyo hivyo shule za pembezoni, ambazo wanafunzi wake humaliza darasa la saba bila kuiona makumbusho iliyo katika mkoa wao.

La tatu ni ngoma. Vikundi vya lizombe na ligihu vinahitaji ngozi za ngoma, njuga na mavazi, na zaidi ya yote vinahitaji vijana wa kujifunza. Kikundi kitakachopokea msaada kitatakiwa kuwa na vijana wa shule ndani yake.

Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye kamera isiyotumika ailete. Mwenye gari linalokwenda Namtumbo na kurudi awabebe wazee. Na mwenye bibi au babu aliye hai, asingoje chama: likizo hii akae naye, amuulize kuhusu Songea Mbano, amrekodi kwa simu yake, kisha atuletee. Mhazini na viongozi wa matawi watapokea michango yote na kutoa stakabadhi, na taarifa ya matumizi itachapishwa katika kijitabu cha mwakani, kama ilivyo desturi yetu.

Kichwa cha nduna wetu kinaweza kupatikana mwakani, au baada ya miaka mingi, na siku hiyo atahitajika mtu wa nyumbani wa kukipokea na kueleza ni cha nani. Tukutane Mahenge tarehe 27 Februari. Njooni na watoto.